Jembe la Kuitia Mamba

Mwenye mtoto anayefanya kazi majini aisome habari hii mpaka mwisho, halafu amwite mtoto wake amsomee na yeye, hata kama atanuna.

Pale Nassa, jirani na mwalo wa mitumbwi ya sangara, alikuwepo mama mkaanga mapanki jina lake Kabula. Mapanki ni ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupandishwa ndege: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Lori lilikuwa linatoka Mwanza linakuja kuyamwaga, akina mama wanayagombea, wanayaanika, wanayakaanga, watu wanakula na maisha yanakwenda. Ndiyo miaka ile ya ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, na minofu nayo ruksa kwenda kwa wenye nayo.

Kabula hakuzaliwa ziwani. Alitoka Sapiwi, huko Bariadi, kwenye ng'ombe na pamba. Ushirika ulipolegea wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Wa kwanza alilipa, wa pili akabeba pamba kwa maneno matamu na hakuonekana tena. Wakati huo mume wake, Mabula, alikuwa amekwisha kufa. Basi akamchukua mwanawe wa pekee, Shigela, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamwota, wakahamia Nassa. Cha maana walichobeba ni godoro, karai la chuma, na jembe la marehemu.

Jembe lile halikuwa la kulimia. Lilikuwa limelika likabaki kama sahani, mpini hakuna. Mabula alikuwa analigonga kwa jiwe siku ya kuwapa ng'ombe chumvi. Ngo, ngo, kidogo ananyamaza, ngo. Ng'ombe wakiusikia mlio huo, hata wawe mbali kiasi gani mbugani, wanakuja mbio mkia juu. Shigela alichunga ng'ombe hao tangu hajang'oa meno ya utoto, na mlio huo ulimkaa mkononi kama wengine wanavyokaliwa na mwandiko.

Walipokaa Nassa muda kidogo, akatokea Ngeleja. Huyu zamani alikuwa karani wa kupima pamba, na watu waliopimiwa naye wanamkumbuka vizuri. Soko huria lilipokuja akageuka mwekezaji. Akapata wenzake wa nje, akajenga kambi ya vibanda vya nyasi nyuma ya mawe, akaleta mashine ya kujazia hewa, mitungi ya kubeba mgongoni, miwani ya maji, na vile viatu vya mpira vilivyokaa kama miguu ya bata. Wageni waliotoka kutazama simba mbugani wakawa wanaambiwa, njooni Nassa mtazame mamba, tena si kwa juu, mtamtazama chini, majini, uso kwa uso. Kwenye yale mawe maji yametulia na yana mwanga kidogo, si tope kama kwingine. Ndipo alipopachagua.

Mwalimu wa kuzamia alikuwa Joakim, mtu wa Tanga, mpole, aliyewahi kuzamia miaka mingi kule Mafia. Alimfundisha Shigela mpaka kijana akawa anakaa chini ya maji kama yuko sebuleni. Jioni Joakim alikuwa anakuja kula panki kwa Kabula, na hapo anasimulia habari za papa potwe wa baharini.

"Potwe ni mrefu kuliko hilo lori lenu, mama. Unaogelea ubavuni kwake, jicho lake linakuona, lakini hana habari na wewe. Anapita na mambo yake."

"Na mamba?" Kabula akauliza.

Joakim akachomoa mwiba mdomoni kwanza. "Mamba ana habari na wewe."

Sasa mamba wa Nassa walikuwa wanatokea siku wanayotaka wenyewe, na wageni wakawa wananung'unika kwamba wameona mawe tu. Ngeleja akaagiza mamba wamwagiwe chakula. Joakim akakataa. Akamwambia bosi wake mbele ya watu, baharini tulikuwa tunamfuata mnyama alipo, tukimkosa tunarudi, hatukumwita. Ngeleja akamjibu kwamba basi arudi huko huko baharini. Asubuhi Joakim alipita kwa Kabula na begi lake begani, hakukaa hata kwenye kigoda.

"Mama, mtoe kijana wako."

"Hanisikii."

"Basi mtoe hata asipokusikia," akasema Joakim, akaenda kutafuta gari.

*

Haikupita muda. Jua likiwa limelala, Kabula alikuwa anageuza mapanki kwenye karai akasikia kutoka ziwani, ngo, ngo, kimya kidogo, ngo. Mkono ukasimama. Mlio ule aliujua kama alivyojua kikohozi cha marehemu. Akaingia ndani akatazama msumari wa ukutani. Jembe halipo.

Shigela aliporudi, nywele mbichi, alama ya miwani imemzunguka macho, alimkuta mama yake amekaa katikati ya mlango.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama yake kwa Kisukuma kama alivyozoea.

"Jembe la baba yako liko wapi?"

"Liko kazini."

"Kazi gani? Tuna ng'ombe ziwani?"

Shigela akacheka. "Tunao, na wanatii kuliko wale wa Sapiwi. Nagonga jembe chini ya maji, mayu, na mlio unasafiri huko kuliko huku juu. Nikigonga tena naona kivuli kinakuja. Nimechomeka panki kwenye ufito, namnyooshea, anachukua taratibu, anageuka, wageni wanapiga picha. Joakim na vyeti vyake hakuweza. Mimi nimewazoeza kama ndama."

"Umewazoeza akina nani?"

"Mamba. Yule mkubwa wao nimempa jina. Namwita Pamba."

Pamba lilikuwa jina la dume lao la Sapiwi, walilolinunua mwaka ambao pamba ilikubali. Dume lenyewe halikuwa kali. Watoto walikuwa wanalipanda mgongoni. Lilikuwa linakula chumvi kwenye kiganja cha Mabula, linalamba mpaka katikati ya vidole. Siku bwana mifugo alipokuja na sindano za chanjo, chumvi ilikuwa imekwisha, na Mabula akagonga jembe hivyo hivyo ili kundi likusanyike. Dume likaja mbio la kwanza. Likanusa kiganja, hakuna kitu. Likanusa kiganja cha pili. Mabula alicheka, akalipiga kofi puani kama rafiki yake. Likamwingiza pembe chini ya kitovu, na hakuiona jioni.

"Unampa mamba jina la ng'ombe aliyemuua baba yako," Kabula akasema.

"Pamba hakuwa na kosa. Nilikuwepo, niliona. Mzee alimwita bure."

"Ndicho ninachokwambia mimi. Alimwita bure. Na wewe siku utakayomwita huyo wa kwako bure?"

"Mapanki yataisha Nassa? Mama yangu mwenyewe ndiye anayeyakaanga." Akamruka miguu, akaingia ndani.

Kabula alibaki mlangoni. Mtu wa ng'ombe akiona mnyama anaitika, anajua amekwisha kuwa wake. Ndivyo alivyolelewa mtoto wake, tena na yeye mwenyewe. Na ng'ombe, pamoja na kwamba ni ng'ombe, aliua.

*

Ngeleja sasa akawa anakuja na pikapu palepale lori linapomwaga, ananunua mapanki mabichi yote, hata yaliyoanza kunuka. Akina mama wakafurahi. Kuni hawatafuti, moshi hawauvuti, mafuta hawanunui.

"Mama Shigela, leta na ya kwako," akasema Ngeleja, bila kushuka garini.

"Haya ni chakula cha watu."

"Kwani mamba hali?"

Akina mama wakacheka. Kabula hakucheka. "Mzee Ngeleja, unawazoeza mamba kula mkononi mwa mtu, na sisi tunachota maji haya haya. Na chini kule yuko mwanangu."

"Mamba aliyeshiba hana shida na mtu. Hiyo ni sayansi, mama. Uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi ishia hapo hapo."

Wakacheka tena, na aliyecheka zaidi ni Felisita, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, waliyekuwa wanaazimana naye chumvi.

"Na huyo mtoto wako anayesoma bweni," Kabula akamwuliza Ngeleja, "yeye anazama lini?"

Ngeleja alitazama mbele, akawasha gari. Felisita akaingilia. "Mama Shigela, usitufungie riziki. Kama una wivu, sema."

"Wivu na mamba?"

"Ee, sijui wewe. Maana macho hayo yalivyo mekundu, ukiendelea kuongea habari za mamba kila siku, watu watakuja kusema mengine."

Alisema kama utani. Lakini kicheko kilikatika, kwa sababu hakuna mtu wa Usukumani asiyejua kinachosemwa juu ya mwanamke mtu mzima mwenye macho mekundu, kwamba ni mchawi, na kinachofuata baada ya kusemwa. Macho ya Kabula yalikuwa mekundu kwa moshi wa kukaangia. Ya Felisita pia yalikuwa hivyo mpaka juzi, kabla Ngeleja hajaanza kumnunulia mabichi.

Kabula akajifunga khanga vizuri, akabeba karai lake. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba panki lake hata moja halitaingia kinywani mwa mamba maadamu yeye yuko hai.

Kuanzia hapo Nassa ikawa chungu. Wateja walimpita kama hawamwoni. Akifika kuchota maji, wenzake wanaondoa ndoo zao pembeni. Watoto wa Felisita wakawa wanagonga vikopo nyuma yake, ngo, ngo, halafu wanakimbia. Shigela alihamisha nguo zake akaenda kuishi kambini, akisema hawezi kulala nyumba moja na mtu anayemwombea mabaya. Kabula alimjibu kwamba anayemwombea mabaya ni yule anayemlipa. Kijana akabamiza mlango mpaka udongo ukapukutika.

*

Halafu lori likaacha kuja.

Ilisemwa kwamba Mwanza ametokea mtu ananunua mapanki kusaga chakula cha kuku, na kiwanda kimeona bora kumwuzia yeye. Akina mama walikaa mwaloni mikono mapajani, wakitazama barabara. Aliyebakiwa na kitu ni Kabula peke yake, kwa kuwa hakuwa na wanunuzi. Alikuwa na karai moja la mapanki makavu, mtaji wake wote.

Asubuhi moja wageni walifika kambini na magari mawili. Kabula aliona boti ikisukumwa majini, mitungi ikipakiwa. Akaona mgongo wa mwanawe. Akatazama ndani ya boti kama kuna ndoo ya chakula. Hakuna ndoo. Aliona ufito umelazwa, ncha yake nyeupe, haina kitu.

Hakufikiri mara mbili. Alipakia mapanki yote kwenye karai, akajitwisha, akaenda mbio mpaka kwa Ngeleja aliyekuwa amesimama ufukweni na darubini shingoni. Boti ilikuwa imekwisha fika kwenye mawe.

"Leo wanazama na nini?"

"Na mitungi," akasema Ngeleja.

"Nauliza chakula."

"Leo hakuna. Shigela atagonga jembe tu. Watakuja, wamezoea."

Neno lile wamezoea lilimwingia Kabula kama ile pembe. "Iite boti irudi. Haya hapa mapanki. Chukua bure."

Ngeleja akalitazama karai, kisha akamtazama yeye, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Leo ndiyo umejua biashara? Umechelewa, mama. Wageni wameshazama. Nenda kakaange."

Hapo ndipo mlio ulipoanza. Ngo, ngo, kimya kidogo, ngo. Juu ya maji ulisikika kwa mbali, kama mtu anagonga ndani ya sanduku. Kwenye matete ya upande wa pili kitu kilisogea. Kichwa kikatoka, kirefu, kikaelekea kwenye mawe hakina haraka, na nyuma yake maji yakafunguka pande mbili. Kikafika jirani na boti, kikazama.

Mlio ukanyamaza.

Kabula alihesabu pumzi zake mwenyewe, akapotea hesabu. Mapovu yalikuwa yanapanda sehemu moja, halafu yakaanza kupanda ovyo, huku na huku. Jembe likasikika tena, lakini sasa ngo-ngo-ngo-ngo, bila kupumzika. Haukuwa mlio wa kuita. Ulikuwa mlio wa mtu anayepiga kitu.

"Mnaona anavyocheza naye," akasema Ngeleja, darubini jichoni.

Kabula alikuwa ameshaondoka. Pembeni ya yale mawe palikuwa na mahali pa zamani pa kunyweshea ng'ombe, ufuko wa changarawe ambao hakuna anayechota maji, kwa kuwa watu wenye mifugo waliuhama tangu mamba waongezeke. Aliingia majini mpaka magotini. Akamwaga mapanki kwenye changarawe nyuma yake, akalizamisha karai nusu, akaokota jiwe. Ngo, ngo, kimya kidogo, ngo. Alipiga kama Mabula alivyokuwa akipiga. Alipiga mpaka jiwe likamchubua vidole. Akarusha panki la kwanza mbali kadiri mkono ulivyoweza. Akarusha la pili. Akapiga tena.

Maji kule kwenye mawe yakatulia.

Halafu akamwona anakuja. Aliona macho mawili na mgongo wenye meno kama msumeno, na urefu uliokuwa haumaliziki. Panki la kwanza likapotea. La pili likapotea. Kabula akarudi nyuma hatua kwa hatua, anarusha, anapiga, anarusha, anasema kwa Kisukuma maneno ambayo mtu humwambia ng'ombe akimtuliza, maana mdomo haukuwa na maneno mengine. Mamba alipanda mpaka kwenye changarawe. Mapanki yalipokwisha aliliuma karai alilolitupa Kabula, akalikunja kama jani, akalitema. Akakaa hapo mdomo wazi, anamtazama. Kabula alikuwa juu ya ukingo.

Akina mama wa mwaloni walikuwa wamekwisha fika, na sauti ya Felisita ndiyo ilikuwa juu.

"Mmeona kwa macho yenu? Sisi anatukataza kuwalisha, kumbe yeye anawaita kwa siri yake. Anaongea nao. Mamba anamsikiliza."

Boti ilirudi. Mgeni mmoja alikuwa analia, mwingine ametapika kifuani. Shigela alishuka wa mwisho, amekumbatia mfuko wake wa vifaa, midomo imekuwa ya kijivu. Alipita mbele ya watu mpaka kwa mama yake.

"Mayu, umefanya nini? Umeniharibia kazi."

*

Wageni walifunga mizigo siku hiyo hiyo, na Ngeleja alihitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Mchana haujapoa, Kabula alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti Kasmiri amekaa kwenye benchi, sungusungu na marungu yao kushoto na kulia, kijiji kizima kimezunguka.

"Mama, ulimwita mamba au hukumwita?" Kasmiri akauliza.

"Nilimwita amwache mwanangu. Walimwita wakiwa hawana chakula. Alikuwa anamshambulia kule chini."

Watu wakaguna. Kasmiri akamgeukia kijana. "Wewe ndiye ulikuwa chini. Mamba alikushambulia?"

Shigela hakumtazama mama yake. Alimtazama Ngeleja, na Ngeleja alikuwa anamtazama yeye.

"Hapana, mwenyekiti. Pamba alikuwa ametulia kama siku zote. Mama yangu ndiye aliyemchanganya kwa makelele. Kesho nikizama mtaona wenyewe, hana tatizo."

Kesho nikizama. Kabula alilisikia hilo tu katika maneno yote. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja. Aliona kwamba ukweli wake haumsaidii mtoto wake hata kidogo, kwa kuwa mtoto mwenyewe ameukataa, na kesho ufito utatoka tena mweupe, na yeye Kabula hana tena panki la kurusha wala karai la kugonga. Akatazama macho ya wale akina mama, jinsi yalivyokuwa yanayaogopa macho yake. Kumbe alikuwa na kitu kimoja kimebaki, na walikuwa wamempa wao wenyewe.

Akacheka. Kicheko chenyewe kilimtisha hata yeye.

"Haya, mwanangu amesema. Basi na mimi niseme. Mamba yule si wake, ni wangu. Mnafikiri anafuata jembe? Jembe ni la nyumbani kwangu. Nilimleta mimi, na leo nimewaonyesha kidogo tu. Atakayempeleka mwanangu majini tena, awe bosi, awe mwendesha boti, awe mgeni kutoka popote, nitamwita Pamba na hatarudi na njaa."

Mwendesha boti akarudi nyuma akasimama nyuma ya watu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye na yule kijana boti moja hapana, hata kwa dawa.

Ngeleja alikuwa mtu wa kupima. Alipima haraka.

"Mimi nimemwajiri mzamiaji," akasema, "sikuajiri ukoo wa wachawi. Shigela, leta vifaa vyangu. Kambini usikanyage."

"Bosi, anadanganya. Bosi, namjua, ni mama yangu, hajui uchawi wowote."

"Nimesema usikanyage."

Mmoja wa sungusungu alikuwa amepandisha rungu, na pengine mambo yangeisha vibaya pale pale, kama yanavyoisha kwingine kwa akina mama wasio na wa kuwasemea. Kasmiri akanyanyua mkono. Akasema hataki damu kwenye kijiji chake, ila jua likizama lisimkute mwanamke yule Nassa, yeye na kizazi chake. Felisita aliwafuata mpaka barabarani akizomea, na watoto wake wanagonga vikopo, na safari hii hawakukimbia.

*

Walipanda juu ya lori la marobota ya pamba lililokuwa linarudi tupu Bariadi. Shigela alikaa upande wake, mama upande wake. Alisema neno moja tu njia nzima.

"Umeniua."

Kabula alishika chuma cha lori. Aliyeuawa hasemi, akawaza.

Sapiwi walipokelewa na ndugu, wakapewa chumba na kipande cha shamba. Habari za uchawi ziliwafuata, maana hazihitaji nauli. Wapo wanaovuka njia wakimwona Kabula mpaka leo, na usiku akisikia mbwa wanabweka anakaa kitandani mpaka wanyamaze. Hilo alijiletea kwa mdomo wake, na hakuna wa kumfutia.

Siku moja alipokuwa anatandika kitanda cha mwanawe, alivuta ule mfuko wa vifaa kutoka uvunguni ili afagie. Vifaa vya Ngeleja vilikuwa vimerudishwa vyote isipokuwa kiatu kimoja cha mpira, kile cha mguu wa bata. Kabula akakitoa, akakigeuza. Upande wa nyuma, pale kisigino kinapokaa, robo nzima haikuwepo. Na palipobaki palikuwa na matundu kwa mstari, kila tundu linaingia kidole gumba.

Alikaa nacho mapajani muda mrefu. Nje Shigela alikuwa anapalilia, jembe linaingia kwenye udongo mkavu kwa hasira, linatoka, linaingia. Kabula alikirudisha kiatu kwenye mfuko, akausukuma mfuko chini ya kitanda palepale ulipokuwa, akamaliza kufagia.

Jioni kijana aliingia, akapita mbele ya mama yake bila mwadila wala nini, akanawa, akakaa kula kwa kumpa mgongo. Kabula alimtazama miguu, visigino vyote viwili, vimejaa vumbi la shamba. Akamwongezea ugali.